Dakika za Mlima

Siku ya arobaini ya Mwalimu Hiza niliwakuta wanawake wameshajaa uani, wengine wakimenya viazi, wengine wakichambua mchele, na mjane wake, Mama Rehema, amekaa kwenye mkeka kando ya mlango wa jikoni, yuko edani, amejitanda khanga mpaka kichwani. Pumzi zake zilisikika kabla sijamfikia. Nilipopiga goti kumwamkia alinishika mkono, akanikalisha karibu yake, akawaambia wenzake, "Huyu ni Veronika. Ndiye aliyekuwa akifanya kazi na marehemu zamani zile za chumba cha kompyuta." Waliniitikia vizuri, wakanisogezea kisu na karai la viazi. Nilimenya bila kusikia wanachozungumza, maana masikio yangu yalikuwa kwenye kile kifua kinachokoroma kama birika linaloanza kuchemka. Ni pumu ya miaka mingi. Daktari alimwambia zamani sana ateremke mlimani, akaishi kwenye joto, na kulikuwa na mwaka mmoja ambapo mizigo ilishafungwa ateremke. Hakuteremka. Katika sababu zilizomfanya asiteremke, mimi nimo, na kila nikimsikia akivuta pumzi naona aibu kuwa mzima.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita kwa masista, nasubiri majibu ya maombi ya chuo, na Lushoto nzima ilikuwa inajifunza kuuza. Waliokuwa makarani walifungua vibanda vya soda, waliokuwa madereva wa shirika walinunua mashine za kusaga, na kando ya barabara watoto waliuza plamu kwa vikopo kwa yeyote aliyepunguza mwendo wa gari. Mwalimu Hiza alikuwa mwalimu wa hesabu aliyechukuliwa na kiwanda kimoja cha chai upande wa Bumbuli kushika kompyuta ya mishahara, kisha kiwanda kilipobadilisha mikono akapunguzwa pamoja na wenzake. Kiinua mgongo chake alikigeuza kompyuta nne na mashine ya kutoa nakala, akapanga chumba nyuma ya duka la mbegu na dawa za mimea. Hapo ndipo aliponiajiri kuchapa. Nilichapa kadi za harusi, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi na katiba za vikundi vya akina mama. Chumba kilinuka dawa ya nyanya kutoka dukani na joto la mashine, na asubuhi ukungu ulipokuwa umeshuka barabarani tuliwasha kompyuta zote hata kama hakuna mteja, tupate kupasha vidole.

Lakini kazi aliyoipenda Mwalimu haikuwa hiyo iliyotuweka mjini. Alikuwa ameandika programu ndogo ya kukokotoa saa za swala. Unaipa jina la mji na tarehe, nayo inakupa alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Aliitoa bure kwenye mtandao, na hakuitoa ikiwa imefungwa. Aliitoa pamoja na maandishi yake yote ya ndani, kila mstari wa hesabu, ili mwenye ujuzi aifungue, aikosoe, aiingize kwenye programu yake mwenyewe akitaka. Na watu waliichukua kweli. Walikuwepo Malaysia, Norwei, Afrika Kusini, kwenye miji ambayo mimi niliijua kwenye ramani ya darasani tu. Walimwandikia. Mmoja alitaka namna nyingine ya kuhesabu alasiri, mwingine, wa Norwei, alisema kwao majira ya joto usiku hauingii sawasawa na programu inachanganyikiwa. Kiingereza cha Mwalimu kilikuwa cha kusoma zaidi kuliko kuandika, kwa hiyo mimi, msichana wa Kikatoliki wa Gare ambaye sijawahi kufunga Ramadhani, ndiye niliyemwandikia majibu. Tuliunga simu asubuhi na mapema, laini ikiwa bado haijachoka, tukazivuta barua pepe huku mashine ikilia, kisha akakaa na daftari la hesabu na kikombe cha chai ya tangawizi mpaka wateja waanze kubisha.

Ukuta kati yetu na duka la mbegu ulikuwa wa mbao, na mwenye duka, Mzee Kaniki, alizungumza kama mtu aliye shambani. Nilimsikia mara nyingi akimjadili jirani yake na wateja. "Haiwezekani mtu akae pale kila siku anawafanyia Wazungu kazi bure. Wanamlipa, hasemi tu." Mwingine akasema anajitengenezea jina agombee udiwani. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua mbegu za karoti alisema, kwa upole kabisa, "Labda anatafuta thawabu, Mzee. Mwacheni." Mzee Kaniki akacheka. "Thawabu si zipo na msikitini? Kule hakuna bili ya simu." Nilikuwa na hamu ileile. Katika mwaka ambao hata maji ya bomba yalikuwa yameanza kuzungumzwa kwa bei, hapa palikuwa na mtu anayetoa kitu kizuri na kukihudumia, na nguo yake ya kazini ni koti lilelile. Siku moja nilimwuliza unapata nini, Mwalimu. Alifikiri kwanza, kama alivyofanya ukimwuliza lolote. "Nikiona hesabu imekosewa nawashwa," akasema. Siku nyingine akanijibu tofauti, kwamba kiwandani aliandika programu kwa miaka na hakuna aliyewahi kuifungua ndani akamwambia hapa umefanya vizuri. Yule Mnorwei alimwambia. Nadhani majibu yote mawili yalikuwa ya kweli.

Mama Rehema alikuwa na jibu lake. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, baridi yetu aliichukulia kama tusi, na mchana alituletea chakula ndani ya hotipoti: wali wa nazi, samaki, na mchunga, mboga chungu ya mlimani aliyoizoea kwa shida kwa ajili ya mume. "Mume wangu ana wake wawili," aliniambia akipakua. "Mmoja mimi, mwingine hiyo. Na hiyo haikohoi." Alisema kwa utani, nasi tukacheka, Mwalimu naye akacheka akifuta miwani. Mwaka ule kifua chake kilimlaza hospitali mara mbili kabla ya vuli, na daktari akasema waziwazi kwamba dawa yake iko chini, kwenye joto. Basi mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu akamtafutia kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni mpya ya simu. Walimpigia, wakamhoji kwa simu palepale chumbani, nami nimesimama mlangoni kuzuia wateja. Wakampa kazi. Mama Rehema alipoambiwa aliketi kwenye kiti changu, akalia kidogo, kisha akauliza kama nyumba za kule zina uwanja wa kuanikia nguo.

Mimi nilimpongeza. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Lakini niliporudi Gare jioni ile nilihuzunika kama mtu aliyefiwa, na huzuni yenyewe nikaionea aibu. Mwalimu alikuwa mtu wa kwanza kunipa hesabu ngumu na kuondoka bila kungoja kuona kama nitaiweza. Alinifundisha kusoma programu mstari kwa mstari, na nilipoona kosa alisogeza kiti chake nyuma, akaniachia kibodi. Akienda, chumba kitafungwa, nami nitarudi kupalilia kabichi na kusubiri majibu ambayo labda hayatakuwa mazuri. Nilijua mama yule anahitaji kupumua. Nilijua, na bado nikatamani jambo litokee.

Ramadhani iliwakuta kwenye kufunga mizigo. Mama Rehema alifunga saumu, akafunga vyombo kwenye magunia, na bado kila mchana aliniletea sahani yangu imefunikwa kawa. "Wewe hujafunga, usife njaa kwa dini ya watu," alisema, akanisukuma nyuma ya pazia nile. Nilikula vyakula vya mikono iliyokuwa na njaa. Mwalimu, kwa upande wake, alikuwa akimalizia viporo vya programu ili aiache safi, maana kwenye kazi mpya hatakuwa na nafasi. Alijibu kila lalamiko lililokuwa limesubiri, akakusanya marekebisho yote, akatoa toleo jipya siku moja kabla ya mwezi kuandama. Ndani ya toleo lile aliziacha dakika za mlima.

Inanibidi nizieleze hizo dakika. Kwao Mwalimu ni bondeni, chini ya Gare. Asubuhi jua huchelewa kutokeza juu ya ukingo, na jioni, ingawa bonde limeshaingia kivuli, wazee hawafuturu mpaka mwanga utoke kwenye kilele cha upande wa pili. Wazee wale waliikataa ratiba ya kompyuta kwa sababu haikulingana na macho yao, wakasema, "Jua letu sisi linachelewa." Kwa heshima yao Mwalimu akawatengenezea ratiba yenye nyongeza ya dakika kadhaa katika kila swala, na alfajiri nayo akaichelewesha vilevile. Mtu wa pwani asingefanya hivyo. Angejua kwamba alfajiri ni weupe wa anga, haingojei jua lipande mlima. Mwalimu mwenyewe alilijua hilo kwa kalamu, lakini aliyekulia bondeni analijua jua likiwa na mlima mbele yake, na siku kwake huanza kwa kuchelewa. Kule bondeni haikumdhuru mtu, kwa sababu daku walikula kwa kumfuata mwadhini, wala si karatasi. Ila katika haraka ya kusafisha, nyongeza ile ya msikiti mmoja aliiweka mahali pa watu wote. Kila mji duniani uliotumia toleo jipya ukapewa mlima wetu.

Jumamosi ya kuondoka nilifungua chumba peke yangu. Mwalimu alikuwa nyumbani, wakingojea lori la kabichi ambalo lingepitia alasiri na kubeba mizigo yao mpaka Dar. Niliunga simu kwa mazoea. Kulikuwa na barua pepe moja kutoka Durban, kwa msaidizi wa imamu, ya adabu sana. Alisema jamaa zake wamefunga tangu mwezi uandame kwa ratiba yetu, na sasa wanahofia kwamba kila siku wamekula alfajiri ikiwa imeshaingia. Aliomba tu tuangalie. Nilifungua maandishi ya ndani, nikaliona kosa kabla chai haijapoa. Nilikaa nalo. Nilijua kwamba nisiposema, watu wasiojua lolote wataendelea kuharibu saumu zao kesho na keshokutwa. Nilijua pia kwamba nikisema, Mwalimu Hiza hapandi lori. Ningeweza kurekebisha mwenyewe na kuwaandikia wote niliowajua. Uwezo huo nilikuwa nao, yeye ndiye aliyenipa. Nilichapa ile barua, nikafunga chumba, nikapanda kilima kwenda nyumbani kwao, hapohapo mjini. Na wakati napanda moyo wangu ulikuwa mwepesi. Karibu nikimbie.

Magunia yalikuwa barazani, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na Mama Rehema anafunga fundo la mwisho kwa goti. Mwalimu aliisoma karatasi amesimama, akaisoma tena, kisha akakaa juu ya godoro.

"Wamekula alfajiri imeingia," akasema.

"Nani?" akauliza mkewe.

"Watu. Sijui wangapi. Waliotumia ile yangu."

"Si urekebishe? Au Veronika arekebishe. Mkono wa binti huyu si mzuri?"

"Kurekebisha ni kazi ya kabla ya adhuhuri. Kuwapata ndiyo kazi. Kuna walioichukua bila kuniambia, wamewapa wengine, nao wamewapa wengine. Inabidi niwatafute mmoja mmoja."

"Dar hakuna simu?" Mama Rehema alisema polepole. "Unakwenda kwenye kampuni ya simu, Baba Rehema."

"Jumatatu nitakuwa mtu wa kazi ya watu, asubuhi mpaka jioni. Na hawa wanakula daku kila siku." Alivua miwani. "Niache mpaka Idi tu. Nitawaomba wanisubiri mpaka Idi."

 Mama Rehema alilitazama fundo lake, akaanza kulifungua. Lori lilipofika lilipiga honi pale chini, dereva akapanda mwenyewe kuuliza, akaambiwa, akaondoka na kabichi zake. Kampuni haikungoja mpaka Idi. Walimwambia kwa heshima kwamba nafasi imepata mtu.

Siku zilizofuata tulikaa chumbani, yeye na mimi, tukiwatafuta. Tuliandika kwa kila aliyewahi kutuandikia, tukawaomba wawaambie waliowapa, tukaingia kwenye mabaraza ya mtandao ya waandishi wa programu na kubandika tangazo, na kila tangazo alitaka lianze na maneno haya: kosa ni langu. Majibu yakaja. Wengi walimwombea dua. Mmoja alimtukana kwa kirefu, na huyo ndiye aliyemjibu kwa makini kuliko wote. Alikwenda kwa sheikh wa mjini kuuliza kama anaweza kuwalipia saumu zao. Nilikuwepo barazani sheikh aliposema, "Kila mtu atalipa yake, Mwalimu. Wewe hukukusudia. Tubu, kisha kapumzike." Alishukuru, akarudi, akafungua kompyuta. Baada ya Idi alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, akaendelea miezi na miezi, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba itasaidia. Nilimwuliza tena swali langu la zamani, kwa nini asimwachie mtu mwingine programu yenyewe, wapo vijana wengi huko nje wanaoiweza. "Kuna mtu ameamka gizani, akatazama saa yangu, akaniamini," alisema. "Hanijui wala simjui. Siwezi kumlipia. Ninachoweza ni kukaa hapa nisikosee tena." Tangu hapo hakutoa toleo bila kuhesabu kwa mkono, mji baada ya mji, na hakutafuta kazi nyingine ya kumtoa mlimani.

Juni na Julai zilikuja na baridi yake. Mama Rehema alilazwa tena, nami nikawa nampelekea uji, nikimwinua mgongo anywe, na kila alipovuta pumzi nilitazama dirishani. Hakunilaumu kwa neno. Aliniuliza kama nimekula. Nilikwenda kuungama kwa padri, nikamsimulia kwamba nilipeleka habari iliyowazuia watu kuhama. Akaniambia kusema kweli si dhambi, akanipa baraka. Nilitoka kanisani nikiwa na uzito uleule, kwa sababu nilimwambia nusu. Wepesi wa moyo kule kilimani sikuutaja. Majibu yalipotoka yalikuwa mazuri, nikaenda chuo, na Septemba hiyo mwaka wangu wa chumba kile ukaisha.

Siku hizi nafundisha kompyuta Tanga, kwenye joto, mahali ambapo Mama Rehema angepaswa kuwa. Niliwahi kuhudhuria semina ambapo kijana mmoja mgeni alieleza kwa nini watu duniani hutunza programu za bure bila malipo. Alisema hupenda kujifunza, hutaka kutambuliwa na wenzao, huamini ujuzi ni wa wote, hufurahia tu. Nilikubali kila alichosema, maana yote niliyaona kwa Mwalimu katika miezi ya mwanzo. Lakini hayo ndiyo yanayomfanya mtu aanze. Niliinua mkono niseme kuna na wanaobaki kwa sababu wanaona haya kuondoka, wameshaaminiwa na wameshakosea, kisha nikaushusha. Nilihofia nitaulizwa nimejuaje.

Pale kwenye arobaini, khitma ilipokwisha na watu wakala wakatawanyika, Mama Rehema alinyanyuka kwa kunishikilia bega, akanipeleka chumba cha ndani. Kompyuta ya marehemu ilikuwa mezani, mpya kuliko zile za zamani, nayo iko wazi. Alisema mjukuu huiwasha kila asubuhi, na kila asubuhi kuna ujumbe. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Watu walikuwa wakiuliza kama saa za mwaka huu zimehakikiwa, na baadhi waliuliza tena, kwa wasiwasi, mbona Mwalimu hajibu.

"Wajibu," akasema.

"Nitawaambia amefariki, Mama. Nitawatafutia mtu wa kuichukua. Mimi hata si Mwislamu. Sifungi."

"Na yeye alikuwa Mnorwei?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikaa kitandani, akangoja pumzi zake zitulie, akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyemzaa.

"Siku ile ya lori," akasema, "nilikuwa barazani nafunga godoro. Nilikuona ukiwa bado chini kabisa, unapanda na karatasi mkononi. Nikajiuliza, huyu binti ana furaha gani leo."

Nilitaka kukana. Sikuwa na uso wa kufanya hivyo. Nilifikiria sahani zote zile nyuma ya pazia, na uji, na miaka yote ya salamu, na kwamba alikuwa anajua kila mara aliponiuliza kama nimekula.

"Mama, nisamehe."

"Nilikusamehe Idi ileile," alisema. "Vuta kiti."

Nilivuta kiti, nikakaa, nikafungua ujumbe wa kwanza. Ulitoka kwa mwanamke aliyetaka kujua mwisho wa kula daku katika mji wake, kwa sababu mwaka huu mumewe hayupo wa kumwamsha. Nikachukua kalamu na karatasi, nikaanza kuhesabu kwa mkono.